Mchezo wa Papa Uliongoja Kashe

Masini yangu ya kuchapa na kutoa fotokopi ina ugonjwa. Kila karatasi inayotoka ndani yake inatoka na mstari mweusi mwembamba upande wa kulia, toka juu mpaka chini. Nimekwisha kuifungua, nimeipangusa kwa pamba na alkoli, nimeitukana kwa Kinande na kwa Kifaransa, mstari uko palepale. Wateja wananuna. "Mama, hii karatasi iko na mustari." Ninawajibu kwamba mstari ni bure, hawaulipii. Nina kibanda, meza mbili, kompyuta moja, masini moja mgonjwa, na kibao mlangoni kinachosema ninapiga barua na kujaza fomu. Goma inaweza kukosa maji wiki nzima na watu wakavumilia, lakini ikikosa fotokopi siku moja, mji mzima unasimama. Mimi ndiye ninayeuzuia usisimame.

Siku ujumbe ule ulipoingia kwenye simu yangu nilidhani ni wale wezi wa kawaida, wanaoandika kwamba mjomba wako usiyemjua amekufa Ulaya na ameacha urithi, tuma namba ya siri. Huyu hakuomba namba ya siri. Alikuwa mzungu, tena wa makamo kwa jinsi Kifaransa chake kilivyonyooka. Alisema anakusanya michezo ya kompyuta za zamani, zile za nyumbani zilizochomekwa kwenye televisheni, hasa michezo iliyotengenezwa ikapotea kabla ya kuwafikia watu. Mwalimu mmoja wa fizikia, mzungu mwenzake aliyewahi kufundisha Goma, alimsimulia habari za mwalimu wa hesabu aliyetunga mchezo mzima peke yake. Sekretari wa shule ndiye aliyempa namba yangu. Je, mwalimu huyo ni baba yangu? Na mchezo bado upo?

Nilikaa chini. Maana sisi watoto tulikuwa tumemcheka papa kwa ajili ya mchezo ule maisha yetu yote.

Papa alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari. Yule mzungu wa fizikia, mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa miaka ya themanini, alimwachia kompyuta ndogo, ukubwa wa kitabu cha misa, yenye vibonye vya mpira. Haikuwa na kioo chake, ilitumia televisheni. Wala haikuweza kukumbuka kitu ukiizima. Ukitaka kuhifadhi kazi yako ulichomeka redio ya kaseti ukairekodi, na kaseti ile ukiisikiliza ililia kama mbuzi anayevutwa kwenda sokoni. Umeme ukikatika kabla hujarekodi, kazi yote imekwenda. Na umeme wa Goma, wakati ule kama sasa, ulikuwa na tabia zake. Kwa hiyo papa aliandika kila mstari kwanza kwa biki kwenye kaye, daftari lake la shule, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ndipo akaupiga kwenye kompyuta. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya mwaka. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba ameletewa mke mwenza wa plastiki.

Mchezo uliitwa Kamiyo. Unaendesha kamiyo, yaani lori, ya kabichi kutoka Rutshuru mpaka Goma, na njiani kuna bariyeri, kamba zilizokatizwa barabarani. Kwenye kila bariyeri mtu wa kamba anakuomba karatasi. Ukiwa nayo unapita, usipokuwa nayo anachukua kabichi. Bariyeri ngumu kuliko zote ni ya Kibati. Ukiweza kufika sokoni na kabichi hata moja, kengele inalia na televisheni inaandika KARIBU GOMA. Papa anasema aliutunga ili kuwafundisha wanafunzi hesabu ya kutoa. Toka siku hizo watu wa kushika kamba kwenye barabara ile wamebadilika mara nyingi hata nimesahau nani alimfuata nani, lakini kamba ni ileile.

Basi kwa nini haukutoka? Hapo ndipo ninapopandwa na hasira hata leo.

Papa alitaka kurekodi kaseti nyingi azipeleke mashuleni. Angeweza kuanza kesho yake. Lakini alikwenda kwanza kwenye ofisi moja ya serikali, biro yenye jina refu, akaomba ruhusa. Hakuna aliyemtuma! Hakuna sheria iliyosema kwamba mchezo wa kabichi unahitaji ruhusa. Ila papa ni mtu wa hapa, na kwake yeye kitu kisicho na kashe, ule muhuri wa serikali, hakijazaliwa. Watu wa biro hawakujua mchezo wa kompyuta ni mdudu gani, lakini dosiye, faili la makaratasi, waliijua vizuri. Wakamwomba barua, nakala tatu. Wakamwomba maandishi yote ya programu, nakala tatu, kila ukurasa upigwe kashe ya *copie conforme*, nakala sahihi. Na wakamwomba kaseti, orijinali.

"Orijinali?" papa aliuliza.

"Orijinali, mwalimu. Weye utabaki na kopi."

Redio yetu ilikuwa imekufa wiki ile na hakuweza kurekodi nyingine, na bwana wa biro alisema dosiye zinafungwa Ijumaa. Kwa hiyo papa, mtu mwenye akili ya kutengeneza kamiyo kwa namba tupu, alichukua kaseti yake ya pekee akaipeleka kwenye fotokopi. Akaitoa fotokopi upande wa A. Akaitoa fotokopi upande wa B. Akapigiwa kashe, copie conforme, akaiweka kwenye plastiki, akarudi nyumbani ameridhika. Orijinali aliwaachia. Wao wakampa *accusé de réception*, kikaratasi kinachosema tumepokea, subiri jibu, na yeye akasaini chini kwamba atasubiri.

Akasubiri. Kaye alikuwa nayo, lakini hakuupiga tena mchezo kabla ya jibu. Mimi nilizaliwa nikamkuta anasubiri. Ndiyo maana hatukuwahi kuuona mchezo, na ndiyo maana tulicheka.

Alisubiri mpaka volkano iliposhuka mjini. Siku ile mama alimfunga mdogo wangu mgongoni, akaweka sufuria kichwani, akanishika mimi mkono. Papa alitoka ndani na dosiye kwapani. Kompyuta ilibaki, kaye ilibaki, televisheni ilibaki, hata viatu vyake vya kanisani vilibaki. Tuliporudi, nyumba ilikuwa jiwe. Ile biro nayo ilikuwa imeingia chini ya lava, na kabati zake, na dosiye zake, na kaseti ya papa. Leo juu yake kuna mtu anauza mbao. Toka hapo, mama akikasirika, wimbo wake ni mmoja: "Mimi nilibeba batoto, yeye akabeba makaratasi." Na papa anajibu bila kuinua kichwa: "Batoto banatembea. Karatasi haitembeake."

Watu wakimwambia biro haipo tena, anasema lava haifungi dosiye.

Basi nilipofunga kibanda nikaenda nyumbani na ujumbe wa mzungu. Papa alikuwa barazani, na blanketi magotini, maana tangu moyo wake uanze kuchoka anasikia baridi hata jua likiwaka. Nikamsomea. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Mutu anauliza Kamiyo?" alisema.

"Anauliza, papa."

"Kwa jina yake? Ameandika Kamiyo?"

"Ameandika."

Alivua miwani akaifuta na blanketi, ikazidi kuchafuka. Kisha akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akiyasema, yeye asiyeomba kitu kwa mtu: "Mutoto wangu, sitaki kitu kingine. Mbele ya kuzikwa, nataka mutu nisiyemujua aendeshe ile kamiyo. Ata mutu mumoja. Nyiye ba nyumba hamuhesabiwe."

Niliona aibu. Kicheko chetu chote cha miaka yote kilinirudia.

Mzungu aliuliza kama kuna kopi. Papa alisimama kwa haraka iliyomtisha mama. "Niko nayo! Tena conforme!" Akaleta ile plastiki. Mimi, mtu wa kazi hiyo, badala ya kufikiri, niliingiza fotokopi ya kaseti kwenye masini, upande wa A na upande wa B, nikaituma Ulaya. Kesho yake mzungu akajibu. Alishukuru sana. Alisema picha inaonekana vizuri. Akauliza, kwa adabu kubwa, kama labda kuna kitu kingine. Nilicheka mpaka mteja mmoja akadhani nimepata msiba, akanipa pole. Papa hakucheka hata kidogo. "Muambie iko na anekse," alisema.

Anekse ilikuwa ile nakala ya tatu ya maandishi ya programu, ambayo biro ilimrudishia ikabaki kwenye dosiye yake. Kurasa arobaini na moja za mwandiko wa papa, mistari yenye namba kumi, ishirini, thelathini, mpaka maelfu. Nikaona kumbe mchezo haukufa! Ningeupiga mstari kwa mstari kwenye kompyuta yangu, na mzungu alikuwa ameshanitumia programu inayoigiza ile kompyuta ya zamani. Kisha nikaangalia vizuri. Katikati ya kila ukurasa palikuwa na kashe, mviringo mkubwa wa wino, uliopigwa kwa nguvu na mtu aliyependa kazi yake. Chini ya kila kashe mistari miwili, mitatu, haisomeki. Yaani wale waliothibitisha kwamba maandishi ni sahihi ndio walioyafuta.

Wiki nyingi tulifanya kazi hiyo, kila alasiri wateja wakipungua. Papa alikaa kwenye kiti cha wateja, akafumba macho, akavuta mistari toka chini ya kashe, namba zote kwa Kifaransa kama alivyofundisha. Tuligombana, wee! Yeye anasema *quatre-vingt-deux*, themanini na mbili, mimi nasema hapo haiwezekani, yeye ananiambia nilikuwa mvivu wa hesabu toka darasa la tatu, mbele ya wateja. Siku moja tulijaribu mchezo, kamiyo ikafika Kibati, na bariyeri, badala ya kuchukua kabichi, ikaanza kutupatia. Kabichi zikajaa mpaka namba ikatoka nje ya kioo. Papa aliangalia kwa huzuni.

"Iko kosa," alisema. "Ukurasa wa kumi na tisa. Bariyeri ya vile haikuwako."

Tukasahihisha ukurasa wa kumi na tisa. Na alasiri moja kamiyo, kisanduku kidogo cha kijani chenye magurudumu mawili, ikashuka toka Rutshuru, ikapita Kibati, ikapita Kanyaruchinya, kengele ikalia. KARIBU GOMA. Papa aliweka kidole kwenye kioo, juu ya ile kamiyo, akakiacha hapo. Nililia waziwazi, sikujificha. Mteja aliyekuwa anangoja cheti chake cha kuzaliwa akauliza kama mchezo huu unapatikana kwenye simu.

Nilimwandikia mzungu. Alifurahi kama mtoto. Alisema ataweka Kamiyo mahali ambapo mtu yeyote duniani anaweza kuicheza. Anahitaji kitu kimoja tu: karatasi ya mstari mmoja, papa akubali, asaini.

Papa alisoma ile karatasi, akaikunja, akanirudishia.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Dosiye iko njiani. Sijapata jibu."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia, hatanii. Basi nilipasuka. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Papa, biro iko chini ya mawe! Bwana aliyepokea kaseti amekwisha kufa, na aliyemfuata amekufa! Nchi ilibadilisha jina! Mtu anauza mbao pale! Papa alingoja nimalize, kama alivyokuwa anangoja darasa linyamaze.

"Mimi nilisaini kama nitangoja," alisema. "Wao kama hawakutimiza, ni shauri yabo. Mimi signature yangu iko pale."

"Muache," mama alisema toka jikoni. "Mimi niliolewa na ile dosiye. Ninaijua."

Nilikwenda kwenye biro mpya, zile zilizorithi kazi za biro ya zamani, nikiwa na kile kikaratasi. Walinisikiliza vizuri. Waliniambia niandike barua ya kuomba dosiye itafutwe, nakala tatu, niache orijinali ya accusé de réception, na wao watanipa accusé de réception. Nilivuta kikaratasi toka mkononi mwa bwana aliyekishika nikaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata moyo wa papa ulimwangusha uani. Alilala hospitali siku tatu, akarudi amekonda, koti linamning'inia. Na bado, mzungu akiandika, papa anasema: muambie tunangoja. Niliogopa. Nilimwona kabisa akifa huku anangoja jiwe limjibu, na mtu asiyemjua asiendeshe kamiyo yake kamwe.

Kando ya kibanda changu kuna bwana anayechonga kashe za mpira kwa wembe. Ana miaka hamsini, tumbo, na sura ya serikali. Hajawahi kufanya kazi serikalini, lakini watu wakimpita wanavua kofia. Nikamwonyesha kashe iliyo kwenye kikaratasi cha papa.

"Hii biro iko wapi?" aliuliza.

"Chini ya mawe."

"Basi hawatalalamika," akasema, akachukua wembe.

Mimi nikaandika barua. Nilianza kwa kuomba radhi kwa kuchelewa, nikafuta, maana hakuna biro inayoomba radhi. Nikaandika kwamba barua ya mwalimu ilipokelewa, kwamba kaseti ilichunguzwa kwa makini na wahusika, kwamba wahusika waliendesha kamiyo mpaka sokoni, na kwamba hakuna pingamizi lolote kwa mchezo huo kutolewa kwa umma. Sehemu ya kamiyo sikupaswa kuiandika, lakini niliiandika. Nikachapa, nikapiga kashe, nikaweka kwenye bahasha ya kaki.

Yule bwana wa kashe alikubali kuipeleka mwenyewe. Alivaa vesti, koti la kiofisi, akachukua kaye ya kusaini barua, kama mtu wa biro kweli. Mimi nilitangulia nyumbani, nikakaa jikoni na mama nikichambua maharagwe. Niliacha mawe, nikatupa maharagwe.

Papa alipoona vesti na bahasha, alimwomba mgeni angoje. Akaingia chumbani. Alitoka amevaa vesti yake ya kufundishia na viatu, kamba zimefungwa. Akasaini kwenye kaye. Akaisoma barua amesimama, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akarudi juu. Halafu nikaona kidole chake kimeshika ukingo wa karatasi, upande wa kulia, kikashuka polepole toka juu mpaka chini.

Mungu wangu. Ule mstari. Nimeuzoea mpaka siuoni tena.

Papa aliinua macho akamwangalia yule bwana. Akageuka akaangalia mlango wa jikoni, akaniangalia mimi, muda mrefu. Mama aliacha kuchambua. Kisha papa akanyoosha mkono akamwamkia mgeni kwa heshima.

"Aksanti sana," alisema. "Mulichelewa, lakini mulijibu."

Mgeni alipotoka, papa aliweka barua kwenye dosiye, akaifunga kwa kamba yake. Akaomba karatasi ya mzungu na biki. Akasaini, jina lote.

Haikupita wiki mbili, mzungu akaandika kwamba kuna mtu, hata yeye hamjui ni nani wala yuko nchi gani, ameendesha Kamiyo siku nzima, akashindwa, akarudia, na mwisho akafika Goma. Nilimsomea papa palepale barazani.

"Alifika na kabichi ngapi?"

"Moja, papa."

"Moja." Alicheka kifuani, kwa uangalifu, kwa ajili ya moyo. "Basi huyo anajua njia."

Akavuta blanketi. Nilikuwa nimefika mlangoni aliponiita tena.

"Ukipita kule kwa biro," alisema, "ubaambie basitengeneze ile masini yabo."

Nikasema nitawaambia.